Upande wa Mashoto

Profesa alipomsifia mara ya kwanza, Mashoto aligeuka nyuma kutazama ni nani anayesifiwa.

"Mkono kama huu," Profesa alikuwa akisema, mbele ya madaktari wote wanaosomea upasuaji, kila mmoja na kikombe chake cha chai, "mwalimu hakutani nao mara mbili."

Nyuma ya Mashoto palikuwa na ukuta na kalenda ya mwaka jana. Basi ni yeye. Akashukuru, akainamia kikombe, na kuanzia hapo chai haikushuka.

Wapo watu wakisifiwa hunenepa. Mashoto si wa kundi hilo. Yeye ukimsifia anahesabu vidole vyake aone kama vyote vipo. Na safari hii alikuwa na sababu, maana jina lenyewe la Mashoto alipewa na Profesa huyohuyo, na hakumpa kwa mapenzi. Siku ya kwanza alipomwona ameshika kisu kwa kushoto, Profesa aliwauliza watu wa thieta ya upasuaji nani kawaletea bondia wa mashoto. Kisha akasema, huo ni mkono wa kike. "Na mimi ni mwanamke, Profesa," binti akajibu, watu wakacheka ndani ya barakoa zao, na kwa kicheko kile akawekwa pembeni kushika mirija mpaka mvua zikaisha. Sasa mdomo uleule unamwaga asali. Mtu mwenye akili zake hujiuliza asali hiyo imetoka mzinga gani.

Baada ya chai Profesa akamwita ofisini, akafunga mlango, akakaa huku mikono yote miwili ikiwa kwenye mifuko ya koti.

"Nataka ubobee mapema," alisema. "Usimalizie mzunguko wa idara zote. Matumbo, mifupa, watoto, achana navyo. Njoo kwangu kwenye mishipa ya damu sasa hivi, ukiwa mwaka wa pili. Dunia ndivyo inavyokwenda. Wenzako watakapokuwa wanajua kila kitu nusunusu, wewe utakuwa bingwa wa kitu kimoja. Nipe jibu kabla ya kikao cha idara."

Katika hospitali ile Profesa ndiye aliyekuwa bingwa pekee wa mishipa. Wagonjwa walitoka mbali kumfuata. Madaktari wanafunzi waliikodolea macho nafasi ile miaka nenda miaka rudi, na jibu la Profesa lilikuwa moja siku zote: malizeni kwanza kujua tumbo liko wapi. Leo yeye mwenyewe ndiye anayebembeleza. Mashoto aliomba muda wa kufikiri, na alipotoka alitembea korido nzima akiwa na hisia ya mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko pesa aliyotoa.

Jioni alimpigia mama yake.

"Kubobea?" mama akasema. "Mimi neno hilo nimelizoea kwa walevi."

"Ni kusomea kitu kimoja tu, mama. Mishipa ya damu."

"Haya. Ukirudi nyumbani, mtu akija anaumwa tumbo, tumwambie asubiri mguu umuume?"

Mashoto alicheka, lakini alijua utani huo unatoka wapi. Baba yake alikufa kwa utumbo uliojisokota, katika hospitali yenye daktari bingwa mmoja, na bingwa huyo alikuwa wa macho. Alikuja, akasimama pale kitandani, akasikitika kwa dhati, akapiga simu kutafuta gari. Mashoto alikuwa bado shuleni. Aliingia upasuaji kwa ajili ya hilo, ili awe daktari ambaye akiitwa hasemi hii si sehemu yangu. Akikubali ombi la Profesa, ndiyo basi, mlango wa mambo mengine unafungwa. Akikataa, amemkataa mtu ambaye ndiye atakayesaini vyeti vyake vyote.

"Na kingine," mama akaongeza. "Mtu mzima akikimbilia kukupa, jiulize anakimbia nini."

*

Alianza kumchunguza Profesa. Tusimsifie kwa hilo, maana kumchunguza mwalimu wako ni kazi ya kinyaa, lakini aliifanya, na aliifanya vizuri.

Aliona kwanza kwamba Profesa hanywi tena chai. Anakuja chumba cha chai, anasimama, anachekesha watu, anaondoka. Zamani alikuwa anakunywa vikombe viwili na kumaliza sukari ya wenzake. Aliona pia kwamba haandiki. Anasema, wengine wanaandika. Na mikono yake imehamia mifukoni moja kwa moja, kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka.

Lakini lililomnyima usingizi lilikuwa thieta. Profesa alisimama upande wake wa siku zote, Mashoto akasimama ng'ambo ya meza, upande wa msaidizi. Profesa alipasua, alifungua njia, alisema hiki ni hiki na kile ni kile. Ikifika kazi ya sindano ndogo, ya kushona mshipa kwa mshipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, Sista mkuu wa thieta alimpa Profesa sindano, na Profesa, badala ya kushona, aliivusha juu ya kidonda na kumpa Mashoto.

"Shika, ujifunze."

Mara ya kwanza Mashoto aliona bahati. Ikawa mara ya pili, ya tatu, na kila mara. Mwisho wa upasuaji kwenye ubao liliandikwa jina la Profesa, ndugu wa mgonjwa wakamshika Profesa mikono kwa shukrani, na Profesa akaitoa upesi na kuirudisha mfukoni.

Wenzake nao hawakulala. Kulikuwa na kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo, wakimwita Chapuchapu. Huyu aliitaka nafasi ya mishipa tangu siku ya kwanza.

"Dada, hebu tuambie," alimwambia kwenye ngazi. "Umempa nini mzee?"

"Sijampa kitu."

"Mzee wa watu alikuwa hataki hata kukuona. Sasa ni Mashoto njoo, Mashoto shika. Lisemwalo lipo."

"Kama halipo, laja. Sasa likija ulipokee wewe," Mashoto akajibu, akapanda ngazi. Lakini maneno yale yalimchoma. Ikiwa watu wameanza kusema, basi yeye ndiye anayelipia kitu asichokijua. Alianza kumchukia Profesa kidogo, na chuki hiyo ilimpa raha.

Wiki hiyo alilazwa kinyozi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyesimama kwenye saluni yake tangu ujanani, na nyuma ya goti lake mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umevimba kama yai. Ilibidi apasuliwe, mshipa ule mbovu uzungukwe kwa kipande cha mshipa mzima kutoka sehemu nyingine ya mguu. Ni kazi ya kushona tupu. Walipopita wodini asubuhi, Profesa mbele na wanafunzi nyuma, kinyozi alikuwa ameshawachekesha kitanda cha kulia na cha kushoto.

"Profesa, mimi na wewe kazi yetu moja," alisema. "Sote tunaishi kwa ncha. Kwetu sisi kinyozi mkono ukianza kutetemeka, mteja hagombani nawe. Anahama kimyakimya."

Wodi ilicheka. Profesa hakucheka. Alisema "vizuri, vizuri," akapita kitanda cha pili akiwa hajamshika hata goti.

Mashoto alibaki nyuma. Alikuwa amepata uzi, sasa alitaka kuuvuta aone unatoka na nini.

*

Asubuhi ya upasuaji wa kinyozi, Mashoto aliingia thieta akiwa amefunga bandeji nene kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

"Nini?" Profesa aliuliza.

"Nilikuwa nafungua kopo, Profesa. Nimejikata. Si kirefu, lakini glavu haiingii vizuri. Leo nitashika ndoano za kuachamisha kidonda tu."

Ulikuwa uongo mtupu. Kidole kilikuwa kizima kama siku alipozaliwa. Profesa alikitazama kile kidole muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mgonjwa yeyote.

"Mimi nipo," Chapuchapu akadakia, huku ameshaanza kunawa. "Nitasimama upande wa msaidizi, Profesa."

"Hapana. Tutasogeza."

"Lakini mgonjwa ameshakaa na njaa tangu—"

"Taa haiko sawa. Hamwoni? Inafifia. Mrudisheni wodini."

Wote walitazama juu. Taa ilikuwa inawaka kama jua la saa sita. Mtu wa dawa ya usingizi alirudisha bomba lake la sindano kwenye trei. Sista mkuu alianza kukusanya vyombo vyake kimoja kimoja bila kumtazama mtu.

Mashoto alielewa hapohapo. Kama Profesa angekuwa anahitaji msaidizi, Chapuchapu angetosha. Kumbe hakuhitaji msaidizi, alihitaji mshonaji, na mshonaji huyo alipaswa kuwa mashoto. Anayetumia mkono wa kulia, ukimweka ng'ambo ya meza, sindano inamgeukia, anashona kama mtu anayekula kwa mgongo wa kijiko. Ataomba kuhama upande, na akihama, thieta nzima itajua nani anashona. Mwenye kushoto akiwa upande ule, sindano inakwenda yenyewe. Anashona mahali pa msaidizi na hakuna anayeuliza. Mkono wa Profesa umeanza kutetemeka, na amejitafutia mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka abobee mapema, asijue kazi nyingine, asiweze kwenda popote, awe mkono wa kulia wa mtu, tena wa kushoto.

Alifurahi, tusimfiche. Alifurahi kama mtu aliyemshika mwizi na kuku wake mkononi. Alipanga jinsi atakavyomwendea Profesa kesho yake, maneno atakayoanza nayo, na sura atakayoifanya. Alikula vizuri mchana ule. Bandeji hakuivua, kwa sababu uongo ukishauvaa unaendelea kuuvaa mpaka upate pa kuuvulia.

Kilichompita ni kwamba kinyozi alirudishwa wodini na mshipa wake uleule.

*

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Kesho yake mchana, kabla Mashoto hajakwenda kufanya sura yake mbele ya Profesa, muuguzi wa wodi alimpigia simu: mguu wa kinyozi umekuwa baridi.

Alikimbia. Mguu ulikuwa umepauka kama majivu kutoka goti kwenda chini. Aliushika, akahisi nyama ya buchani. Alitafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu, akatafuta juu ya unyayo, hakuna. Ule uvimbe ulikuwa umeganda damu na kuziba njia.

"Daktari," kinyozi alisema, jasho likimtoka, "mguu umelala bila kuniaga."

"Chezesha vidole."

"Navichezesha."

Vidole havikusogea. Mashoto alijua maana yake. Mguu kama ule hausubiri gari la kwenda hospitali nyingine, na haungojei kikao. Alipiga simu thieta, akampigia Profesa, akasukuma kitanda yeye mwenyewe pamoja na muuguzi, na njia nzima aliitazama bandeji yake nyeupe kwenye chuma cha kitanda. Aliiona aibu. Si ile ya kuonwa, ni ile ya kujiona.

Kwenye sinki la kunawia aliifungua bandeji akaitupa kwenye ndoo. Sista mkuu alikuwa mlangoni. Alikitazama kidole, kizima, bila hata mchubuko, akasema tu, "Sabuni iko pale."

Profesa aliingia, akafungua bomba la pembeni. Walinawa bega kwa bega, maji yakiwachuruzika viwikoni.

"Kidole kimepona."

"Hakikuwa na kitu, Profesa."

Brashi ya Profesa ilisimama, kisha ikaendelea. "Ulikuwa unanipima."

"Ndiyo."

"Umepata majibu?"

"Nimepata. Na yeye amepata mguu wa baridi."

Profesa alifunga bomba kwa kiwiko. Mikono yake ilikuwa juu, wazi, haina mfuko wa kujifichia, na wa kulia ulikuwa unacheza, mchezo mdogomdogo usiokwisha. Ilikuwa mara ya kwanza Mashoto kuuona kwa karibu, na ile furaha yake ya jana haikuonekana tena ilipokwenda.

"Tutagombana baadaye," Profesa alisema. "Sasa tunaingia kama kawaida."

Waliingia kama kawaida. Profesa upande wake, Mashoto ng'ambo, Chapuchapu karibu na goti ameshika ndoano. Kisu kikubwa Profesa alikimudu bado. Kutetemeka kwake kulimvizia kwenye vitu vidogo. Alifungua, Mashoto akaubana mshipa juu na chini, wakatoa damu iliyoganda, ikatoka nyeusi kama jamu. Wakachukua kile kipande cha mshipa mzima. Kila kitu kilikuwa tayari. Sista akampa Profesa sindano ya kwanza, kama kawaida, na Profesa akaivusha juu ya kidonda. Ncha yake ilitetemeka chini ya taa, uzi ukitetemeka nyuma yake.

"Shika, ujifunze."

Mashoto hakushika.

Ile ilikuwa nafasi ya kuchagua, na alijua. Akiipokea, mguu utashonwa, jina litaandikwa la Profesa, na kesho yupo mwingine, na keshokutwa mwingine, mpaka siku sindano itakapoangukia pabaya wakati wa kuvushwa, au yeye mwenyewe atakapougua homa na mgonjwa kuambiwa taa imefifia. Akikataa vibaya, Profesa ana haki ya kumfukuza pale pale, na hakuna mwingine wa kushona.

"Sista," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ndogo, "naomba sindano unipe mimi moja kwa moja. Na meza ya vyombo ihamie huku kwangu."

Mtu asiyefanya kazi thieta ataona ni ombi la kuhamisha meza. Waliokuwa mle ndani walisikia kitu kingine. Meza ya vyombo hukaa kwa mpasuaji. Haijawahi kuwa ya msaidizi. Mashine ya mtu wa usingizi iliendelea kulia ti, ti, ti. Chapuchapu aliitazama sindano, akautazama mkono ulioishika, akatazama chini haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la watu.

Profesa alimtazama Mashoto juu ya barakoa. Macho yalikuwa na hasira, kisha yakawa na woga, na woga wa mtu mzima ni kitu kibaya kukitazama. Kisha akautazama mguu.

"Mmemsikia," alisema. "Meza iende kwake. Taa igeuzwe. Leo upande ule ndio wa mpasuaji." Akamgeukia mtu wa usingizi. "Kwenye ubao futa jina langu, weka lake. Mimi namsaidia."

Sista alikuwa ameshafungua breki ya meza kabla sentensi haijaisha.

Mashoto alishona. Profesa aliiweka mikono yake juu ya shuka, akaikandamiza pale, akabaki na macho na mdomo. Na mdomo ule, jamani, ndipo Mashoto alipojua kwa nini watu walitoka mbali. "Usiuvute uzi, uongoze. Hapo chukua kidogo. Kidogo zaidi. Rudi, hiyo imelala vibaya. Haya. Pumua, hakuna anayekufukuza." Aliiona njia ya sindano kabla haijaingia. Walipofungua vibano, kile kipande cha mshipa kilijaa, kikaruka mara moja, kikaanza kudunda. Chapuchapu aliacha ndoano, akasogea kwenye unyayo, akavua glavu moja akaushika.

"Unapata joto," alisema. Halafu, kwa sauti ambayo Mashoto hakuwahi kuisikia kwake, "Dada, unapata joto."

*

Mguu ulipona. Vidole viwili vya mwisho havikurudi. Viliiva vikawa vyeusi, vikabidi vikatwe.

Kwenye kikao cha idara Profesa alisema mwenyewe. Alisimama, akatoa mkono mfukoni, akauweka mezani wautazame. Alisema hatashika kisu tena, atafundisha kwa mdomo, na wakitaka kumwadhibu waanze. Baadaye akamwita Mashoto ofisini kama mara ile, ila mlango hakuufunga.

"Sasa nakuuliza bila kukuficha. Bado nataka ubobee mapema. Mishipa inabaki bila mtu."

"Niulize mimi kwanza," Mashoto alisema. "Ulinichagua kwa ajili ya mkono wangu, au kwa ajili ya upande wake?"

"Mwanzoni, kwa ajili ya upande. Hakuna anayetazama upande ule. Baadaye nikaona unashona vizuri kuliko nilivyoshona mimi katika umri wako, na hilo likanirahisishia kujidanganya."

"Ungesema lini?"

"Kila Jumatatu nilikuwa nasema, Ijumaa."

Mashoto alitaka kumwamini. Alimtazama usoni akitafuta mahali pa kuweka imani yake, akaona uso wa mzee aliyechoka, na uso wa mzee aliyechoka unaweza kusema kweli na unaweza pia kukuhitaji. Akasema atajibu kesho. Kwanza kulikuwa na nyuzi za kutoa.

Walikwenda wote wawili kitandani kwa kinyozi. Profesa alimweleza habari ya mkono wake, bila kupindisha. Kinyozi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilishahama," alisema, "ila hamkuniambia."

"Ndivyo."

Kisha ikawa zamu ya Mashoto. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza, na Profesa mwenyewe alimfanyia ishara ya kichwa kwamba si lazima. Aliinama akaanza kukata nyuzi, moja, nyingine, na akamweleza kinyozi kuhusu bandeji. Kwamba kidole hakikuwa na kitu. Kwamba alikuwa anamtegea mwalimu wake, na kinyozi ndiye aliyekuwa chambo.

Kinyozi hakuwa na utani safari hii. Alitazama unyayo wake, vidole vitatu na nafasi tupu.

"Mimi nasimama siku nzima," alisema. "Hivi vilikuwa vya kuniwekea uzani nikigeuka. Sasa niambieni, hivi viwili nivigawe vipi? Kimoja chake, kimoja chako?"

Mashoto alikata uzi mwingine, akauchomoa. Profesa alitazama dirishani. Pengine mshipa ungeziba hata kama wangempasua siku ile, pengine ungeziba kitandani usiku wa kuamkia upasuaji. Hakuna atakayejua, na Mashoto hakulitoa hilo kama jibu kwa sababu kingekuwa kisingizio kingine kama kile cha taa.

"Malizia nyuzi," kinyozi alisema. "Nitakuuliza tena ukirudi kufunga kidonda."

Kwenye korido Mashoto alisimama. Alikuwa na koleo bado mkononi.

"Narudi kwenye matumbo, Profesa. Na mifupa, na watoto, na yote. Nikimaliza, kama utakuwa bado unafundisha, nitakuja kuomba nafasi kama wanavyoomba wengine."

"Ni hasira?"

"Hapana. Kushona nimejifunza mapema. Kusema ndiko nilikochelewa. Na wewe ndiye uliyenifundisha yote mawili."

Profesa aliipokea hiyo bila kujitetea. Watu walikuwa wanapita na vitanda, na mmoja alimsalimia, naye akaitika. Kisha akatoa mkono mfukoni kumuaga. Alitoa wa kushoto, ambao yeye mwenyewe aliwahi kuuita wa kike.

Mashoto aliutazama kwanza, mbele na nyuma, ndipo akaupokea.